Nani Aliyebisha Hodi kwa Mjane wa Kwenye Kanda

Mwaka 1996, mwanzoni mwa kiangazi, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na kuingizwa ndani, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, mjane wa mwaka wa tano. Mume wangu alifariki Jumanne ya tarehe 3 Machi 1992. Nazitaja tarehe kwa sababu nilizipata kwa jasho. Nilishika kalamu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, katika darasa la watu wazima. Darasa la saba nikalimaliza mwaka 1981, na mtihani wa kidato cha nne nikaufanya mwaka 1989 kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikikaa dawati moja na wasichana wenye umri wa binti yangu. Mtu aliyechelewa kupata kitu hakipotezi ovyo.

Binti yangu huyo alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Pasaka ya mwaka huo alikuja Ifakara na mizigo miwili aliyoikalia kama kuku anayeatamia: seti ya televisheni na deki ya kuchezea kanda. Huku kwetu matangazo ya televisheni yalikuwa hayajafika, lakini yeye alisema, "Mama, kule kuna mchezo wa kuigiza unaonyeshwa kila wiki. Watu wanatoroka kazini wauwahi. Nitakuwa naunasa kwenye kanda, nakuletea kwa treni." Akatimiza ahadi. Kila Alhamisi mama mmoja mfanyabiashara wa mchele alishuka kituoni na kanda iliyofungwa kwenye kitambaa, na kila Jumapili, baada ya misa ya pili, tuliwasha jenereta dogo aliloliacha marehemu, tukaziba madirisha kwa mablanketi ili picha ionekane, na sebule yangu ya Kibaoni ikajaa watu na joto.

Kanda ya kwanza tuliitazama tarehe 9 Juni. Kanda zote kwa jumla zilikuwa kumi na tano.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mwanamke wa makamo amefiwa na mumewe, dereva wa lori. Anaishi peke yake katika nyumba yenye uzio wa michongoma. Kila Ijumaa, jua likizama, mlango unabishwa mara tatu. Akifungua, hakuna mtu. Akirudi ndani, anakuta nyayo za maji kwenye sakafu, ilhali nje ni kiangazi na ardhi imepasuka. Chakula alichokiacha mezani kimeliwa. Koti la marehemu, lililokuwa limetundikwa msumari wa kushoto, sasa liko msumari wa kulia. Hajibu maswali ya majirani. Haendi makaburini. Anafagia, anapika, anasubiri Ijumaa.

Kila sehemu iliishia pale tulipokuwa tumeinuka nusu kutoka kwenye viti.

Waliokuja kila Jumapili bila kukosa, ukiacha majirani waliosimama mlangoni, walikuwa wanne. Wa kwanza ni mama mkwe wangu, aliyekaa mbele kabisa akitoa maelekezo kwa watu wa kwenye kioo. Wa pili ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke mwenye sauti ya kuvusha mto, ambaye hakuwahi kushindwa katika mabishano kwa sababu hakuwahi kuyaacha. Wa tatu ni mke wa katekista, jirani yangu. Na wa nne ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu na mkuu wa ukoo, ambaye kwa wiki tatu za mwanzo alisema amekuja tu kuangalia kama jenereta lina mafuta.

Tarehe 30 Juni, katika sehemu ya nne, yule mjane aliinama kuchota maji na kitambaa chake cha kichwani kikaanguka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote.

Jenereta peke yake lilisema. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na deki, na ndiyo sababu niliona jambo ambalo wengine hawakuliona: wifi yangu hakuwa akitazama kioo tena. Alikuwa amegeuka, ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa juu ya nywele zangu.

Hapa lazima nieleze. Katika bonde letu, ukoo ukipata misiba ya kufuatana, wakubwa huamua watu wote wavuke mto kwa pantoni, waende kwa mtaalamu wa upande wa Ulanga, wakanyolewe. Hunyolewa wote, mwenye uchawi na asiye nao, ili uchawi kama upo uzimwe, na shuku zife bila mtu kutajwa. Ndiyo maana anayekataa wembe huonekana amejitaja mwenyewe. Baada ya mume wangu walifariki wengine wawili katika ukoo, na mwaka 1993 orodha ilitengenezwa. Mimi nilikataa. Mume wangu aliugua figo, alilazwa wiki tano, na karatasi ya daktari ninayo mpaka leo. Sikuwa tayari kichwa changu kijibu swali ambalo karatasi ilikuwa imekwisha kulijibu. Wenzangu wote walikwenda, wakarudi na vipara vinavyong'aa. Nywele zangu zikabaki, na tangu siku hiyo kila aliyekula kwangu alikula polepole.

Kiangazi hicho cha 1996 orodha ilikuwa imefufuliwa. Kitoto cha ukoo kilikuwa kimefariki mwezi wa Aprili. Safari ilipangwa baada ya mavuno, na kila mtu alijua kwamba safari hii nikikataa, hapatakuwa tena na mtu wa ukoo atakayeingia nyumbani kwangu, hata mama mkwe wangu, niliyempenda.

Basi mjane yule akaanguka na kitambaa chake katikati ya jambo hilo.

"Mmeona?" wifi akalipuka. "Mmeona wenyewe! Kapelekwa kunyolewa huyo! Watu wa kwao walimshuku, wakampeleka. Na wembe haukumuweza. Yule anayebisha hodi ni mumewe. Watu wanadhani kafa, kumbe kamfanya msukule!"

"Wifi, msukule habishi hodi," nikamwambia. "Msukule anafichwa. Anayefichwa abishe hodi kwake mwenyewe?"

"Anabisha kwa sababu anataka kutoka!"

"Anabisha kwa nje."

"Kwani wewe uliuona mkono wake?"

Mke wa katekista akainua kidole kama mwanafunzi. "Mimi naona ni roho iliyo toharani. Hodi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Anataka misa."

"Roho ya toharani inakula ugali na dagaa?" shemeji akauliza kutoka dirishani, na hapo ndipo tulipojua kwamba hakuwa akiangalia mafuta.

Tangu Jumapili hiyo mchezo haukubaki tena ndani ya nyumba yangu. Ulikwenda mashineni ambako wanawake hupanga foleni ya kukoboa mpunga, ukaenda sokoni, ukapanda baiskeli mpaka kijiji cha Kisawasawa. Watu ambao hawakuwahi kuona hata kanda moja walikuwa na msimamo. Muuza samaki mmoja alikataa kunipimia kambale mpaka nimwambie koti lilikuwa msumari upi mara ya mwisho. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu niwe mjane. Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita. Upande wa kushoto niliandika tarehe na yaliyotokea. Upande wa kulia, dhana ya kila mtu na ushahidi wake. Tulirudisha kanda nyuma, tukaisimamisha, tukairudisha tena, mpaka sehemu ya nne ikaanza kuonyesha mistari myeupe kama mvua.

Dhana yangu ilikuwa kwamba mume yule alikuwa amekufa kweli, na hapakuwa na msukule wala mzimu. Anayebisha hodi, nilisema, ni mdogo wa marehemu, anayetaka kumtisha mjane aikimbie nyumba. Nilikuwa na ushahidi: mdogo huyo alichechemea mguu wa kushoto, na katika sehemu ya pili unyayo wa kushoto sakafuni ulikuwa umeburuzwa kidogo.

Wifi naye hakulala. Jumapili ya tarehe 28 Julai alisimama mbele ya kioo, akakigonga kwa ukucha.

"Simamisha hapo! Hapo hapo! Hilo gunia kwenye kona ni la nini?"

Tukasogea. Gunia lilikuwa wazi mdomo, na lilikuwa na pumba.

"Pumba," akasema, taratibu sasa, kama mwendesha mashtaka. "Mnajua nani analishwa pumba: msukule. Mtaniambia za kuku. Haya, nimetazama sehemu zote nane. Kuku yuko wapi? Mnionyeshe hata jogoo. Hata unyoya!"

Hapakuwa na kuku. Tulitafuta. Mama mkwe akapiga makofi mara moja, akasema, "Mwanangu huyu angesoma, nchi isingelala." Mimi niliandika kwenye daftari, upande wa kulia: pumba, hakuna kuku.

Jumapili iliyofuata, tarehe 4 Agosti, mambo yakafika mwisho wa uzi. Sebule ilikuwa imejaa. Mjane alikuwa amefunga kitambaa kipya, cheupe, na alipokivua tuliona nywele zimeanza kuota.

"Zinaota tena, na uchawi unaota nazo," wifi akasema.

"Kunyoa si ushahidi," nikajibu. "Wala kutonyoa."

Hapo akanigeukia waziwazi, mbele ya majirani. "Wewe lazima umtetee, wifi. Wajane wanaogombana na wembe wote wamezaliwa tumbo moja."

Kuna maneno yakishasemwa mbele ya watu hayarudi. Nilisimama. Nilijisikia mrefu, kama siku niliyopokea cheti changu. Nikasema, "Basi yule mama na ahukumiwe. Kanda ya mwisho ikionyesha kwamba ana mume ndani, mimi nitavuka mto pamoja nanyi, na nitakuwa wa kwanza kukaa kwenye kigoda cha kunyolewa. Lakini ikionyesha kwamba hana kosa, jina langu litoke kwenye orodha. Litoke leo na siku zote, na iandikwe kwamba limetoka."

Shemeji alikuwa hajatazamia kuombwa hukumu akiwa ameshika kikombe cha chai. Alinitazama, akamtazama dada yake, akatazama kioo.

"Mama, unasemaje?" akauliza.

Mama mkwe akasema, "Mimi nasema washeni jenereta. Tuone sehemu iliyobaki."

"Imekubalika," shemeji akasema. "Safari inasubiri kanda ya mwisho."

Usingizi wangu usiku ule ulikuwa wa vipande. Asubuhi nilielewa nilichokifanya. Nilikuwa nimelikabidhi jina langu kwa watu wa Dar es Salaam nisiowajua, wanaotunga hadithi kwa ajili ya kuwaburudisha wengine. Lakini majuto yangu yalikuwa na shauku ndani yake. Nilianza kuhesabu Alhamisi.

Katika mwezi huo wa Agosti tulifanya jaribio moja ambalo Kibaoni ililizungumza kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyelibuni, na ndilo lililonigeuka. Nyayo za maji zilikuwa nguzo ya dhana yangu, kwa hiyo nilitaka kuonyesha jinsi mtu aliyelowa anavyotembea kwenye saruji. Tulihitaji mtu mzima wa kiume. Shemeji akavua viatu, akapandisha suruali, akaingiza miguu kwenye beseni barazani kwangu.

"Chechemea!" nikamwambia.

"Chechemea vizuri, kaka, usituaibishe!" wifi akadakia. "Unatembea kama bata aliyeshiba."

"Kwani huyo mdogo wa marehemu anatembeaje?"

"Huyo hana kitambi!"

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wakicheka mpaka wanashikana. Shemeji alichechemea kutoka kwenye beseni mpaka mlangoni, kwa heshima yote ya mkuu wa ukoo, na sote tukainama kutazama. Unyayo wa karibu na beseni ulikuwa umejaa maji. Uliofuata ulikuwa na maji kidogo. Wa mlangoni ulikuwa kivuli tu. Ni jambo ambalo mtoto angelijua: maji hupungua kadiri mtu anavyokwenda.

Nikaingia ndani, nikaweka kanda ya sehemu ya pili, nikaisimamisha. Nyayo za karibu na mlango zilikuwa hafifu. Zile za karibu na kiti, ndani kabisa, zilikuwa zimejaa maji.

Wifi yangu alikuwa nyuma yangu, na hakuwa mjinga.

"Alilowa ndani," akasema kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida yake. "Alilowa ndani, akaenda mlangoni. Haingii, wifi. Anatoka. Yumo ndani ya nyumba."

Ningeweza kutoliandika hilo. Daftari lilikuwa langu, na ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiliandika. Lakini nilijifunza kuandika ili niandike lililo kweli, na nikaliandika, kwa tarehe: 25 Agosti 1996. Kisha nikakaa jikoni peke yangu, nikapapasa nywele zangu.

Kanda ya mwisho ilitufikia Alhamisi ya tarehe 12 Septemba, na Jumapili ya tarehe 15 tukaitazama. Watu walikuwa wengi hata tukaitoa seti barazani na kuzungushia mikeka ili kuzuia mwanga. Ijumaa ile ya kwenye mchezo ilifika. Jua likazama. Hodi zikapigwa tatu. Mjane akajifuta mikono, akaenda mlangoni, akashika komeo.

"Usifungue, mwanangu," mama mkwe akamwambia.

"Fungua!" watu wa nyuma wakapiga kelele. "Fungua tuone!"

Akafungua. Picha haikuonyesha aliyesimama nje. Ilituonyesha uso wake yeye tu, ukijaa mwanga, na polepole uso ule ukatabasamu. Kisha maandishi yakatokea: MWISHO.

Sijawahi kusikia kelele kama ile, hata katika fainali ya mpira. "Kacheka!" wifi alikuwa juu ya mkeka. "Mchawi kamcheka msukule wake!" "Amemtambua shemeji yake!" nilijibu, nami nilikuwa nimesimama, sijui tangu saa ngapi. Mke wa katekista alikuwa akilia kwa furaha kwamba roho imepokelewa mbinguni. Shemeji alijaribu kunyamazisha watu, kisha yeye mwenyewe akauliza kwa sauti kubwa kuliko wote, "Sasa ndiyo wametumalizia vipi hawa?"

Walipotulia, wifi akasema kwamba kwa kuwa mjane hakuonekana safi, mimi nitavuka. Nikasema kwamba hakuonekana na mume pia, kwa hiyo sivuki. Shemeji akakuna kidevu. Nikamwomba muda. "Aliyetunga yupo," nikasema. "Ana akili, ana mikono. Tumwandikie atueleze. Atakalolisema yeye nitalitii."

Akanipa mpaka Jumapili ya tatu ya mwezi wa Oktoba.

Barua hiyo tuliitunga watano, mezani kwangu, na ilituchukua alasiri nzima. Wifi hakuniamini nitaliuliza swali lake sawasawa, kwa hiyo alisimama begani kwangu.

"Umeandika pumba?"

"Nimeandika."

"Umeandika kwamba kuku hakuna?"

"Nimeandika: 'tumetazama kwa makini bila kuona kuku.'"

"Weka 'hata unyoya.'"

Nikaweka. Maswali yalikuwa manne: kwa nini mjane alinyolewa, pumba zilikuwa za nini, kwa nini nyayo zililowa zaidi ndani, na nani aliyebisha hodi. Binti yangu aliipeleka kwa mkono wake. Nilimwandikia pia yeye kando, nikamwambia kilichokuwa kikinisubiri ng'ambo ya mto, ili asilegee.

Jibu lilifika kwa treni ya Alhamisi, tarehe 17 Oktoba, ndani ya bahasha yenye muhuri. Sikuifungua. Kwa siku tatu ilikaa kabatini chini ya sahani za wageni, na kila nilipopita nilisikia moyo ukibisha hodi mbavuni.

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 1996, saa tisa alasiri, kikao cha ukoo kiliketi nyumbani kwa shemeji. Walikuwapo wakubwa wote waliokuwa kwenye orodha, na orodha yenyewe ilikuwa mezani, karatasi ya mistari iliyoshikiliwa na jiwe. Shemeji akaomba bahasha. Akaigeuza watu waone kwamba haijafunguliwa. Akaichana pembeni kwa kisu, akavaa miwani, akasoma.

Mtunzi alianza kwa kutushukuru. Alisema hajawahi kupata barua kama yetu. Kisha akajibu.

Nyayo, alisema, hazikuwa za mtu. Zilichorwa kwa brashi na maji na fundi wao, ambaye alianza na za karibu na kiti, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni ili asizikanyage, na maji ya kopo yakaanza kumwishia.

Wifi akafumba mdomo kwa kiganja. Mimi nilitazama dari.

Pumba zilikuwa za mwenye nyumba waliyoiazima. Kuku wake walikuwa wamefungiwa nyuma ili wasipige kelele wakati wa kupiga picha. Gunia walilisahau.

"Kuku walikuwepo!" mama mkwe akasema. "Nilijua. Nyumba haikosi kuku."

Shemeji akageuza karatasi. Aliendelea kusoma, lakini sauti yake ilishuka.

Kuhusu nywele, mtunzi aliandika, hazikuwa sehemu ya hadithi. Baada ya sehemu ya tatu, mwanamke aliyeigiza yule mjane alifiwa na mama yake mzazi. Akaenda kwao kuzika, na kwa desturi ya kwao akanyoa. Aliporudi kazini hawakuwa na nywele za bandia za kumvalisha. Wakamfunga kitambaa. Kuanguka kwa kitambaa hakukupangwa; waliona kuna ukweli kuliko walivyoandika, wakakuacha vivyo hivyo.

Na nani aliyebisha hodi? Mtunzi alisema hajui. Alikuwa ameandika kwamba mlango unafunguliwa na mwanamke anatabasamu. Aliyeko nje hakumwandika, na mwigizaji hakutafutwa. Alimwachia kila mtazamaji amsimamishe pale mtu wake.

Shemeji aliikunja barua. Kwa masharti tuliyoyaweka tarehe 4 Agosti, hakuna aliyeshinda: mjane hakuonekana na mume ndani, wala hakutangazwa kuwa hana kosa. Nilijua kwamba shemeji angeweza kuamua vyovyote. Nilijiandaa. Nilikwisha kuamua kwamba kama nitavuka, nitavuka kwa viatu vyangu vya kanisani.

Wifi ndiye aliyesimama.

"Nimemwita mchawi mwanamke aliyekuwa amemzika mama yake," akasema. "Kiangazi kizima. Mashineni, sokoni, kila mahali. Nimekinyooshea kidole kichwa cha msiba." Akavuta pumzi. "Kaka, mimi ndiye niliyeng'ang'ania jina la wifi likae kwenye hiyo karatasi. Hakuna aliyenituma. Sasa naomba litoke."

"Kwa sababu umeshindwa?" shemeji akauliza.

"Sijashindwa! Hakuna aliyejua nani alibisha hodi, na msukule bado hajakanushwa. Nasema litoke kwa sababu sikuwa na ushahidi zaidi ya nywele."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kizuri, kwa sababu hata yeye alikuwemo. Shemeji akawauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyepinga. Akachukua kalamu.

"Tarehe," nikasema.

"Shemeji, tarehe tunaijua," akanijibu.

"Andika."

Akaandika tarehe 20 Oktoba 1996. Chini yake akaandika kwamba jina la mke wa marehemu mdogo wake limeondolewa kwenye orodha kwa idhini ya ukoo wote, leo na siku zote, na kwamba halitarudishwa kwa sababu yoyote ya shuku. Akatia sahihi. Wifi akatia yake pembeni, kubwa kuliko ya kaka yake. Kisha shemeji akapitisha mstari juu ya jina langu kwa rula, kwa unyoofu uliomgharimu jitihada, akaanza kuwasomea waliobaki ili wajiandae na safari. Jina langu lilikuwa la kumi na moja. Alisoma la tisa, akasoma la kumi, akasita kidogo, akalisoma la kumi na mbili.